Wenye sukari na shughuli za Unguja: mie nasema kosa ni la sinia, si la pilau

1. BintiMpendae
Assalamu alaykum.

Nna sukari mwaka wa tatu sasa. Nyumbani nimejipanga: asubuhi muhogo wa kuchemsha na samaki, mchana wali kikombe kimoja na mchicha, usiku supu. Kipimo cha miezi mitatu kilishuka mpaka asilimia 6.8, daktari akafurahi na mie nikafurahi. Ikaingia Shaaban. Kila anayeijua Unguja anajua Shaaban ilivyo, kila mwenye mtoto anataka kuoza kabla ya Ramadhani. Ndani ya wiki tatu nilikuwa na harusi nne, hitma moja na vunja jungu la kazini. Nilipopima baada ya Sikukuu nikakuta 8.1.

Nimekaa nimefikiri sana. Sikupungukiwa na nia. Nyumbani nakula kwenye sahani yangu, naiona. Kwenye sinia tunakaa wanne au watano, mikono inaingia, wali unapungua pande zote, na ukinawa hujui umekula kiasi gani. Ukiacha mapema yupo atakayekuuliza "mbona huli?", na yupo atakayekuchambulia nyama akuwekee mbele yako kwa mapenzi tu. Ndiyo nikasema kosa ni la sinia.

Nataka kujua wenzangu mnafanyaje. Msiniambie nisiende. Mtoto wa dada yangu anaolewa mwezi ujao, siwezi kukaa nyumbani.

2. Kijana_Jangombe
Pole dada. Mie sina sukari lakini mama anayo, na nnampeleka mwenyewe shughulini. Kwenye sinia sikubaliani na wewe. Tatizo ni njaa. Kadi imeandikwa saa saba mchana. Watu wamekunywa chai saa moja asubuhi, hawakula tena kwa sababu "tunakwenda kula pilau". Chakula kinatoka saa tisa na nusu. Mtu mwenye njaa ya saa nane umpe sinia, umpe sahani, umpe kijaluba, atakula vile vile.

3. Mpishi_Kwahani
Nimepika shughuli miaka kumi na tisa, nna la kusema hapa.

Hesabu yetu ya kawaida ni kilo moja ya mchele kwa watu wanane, yaani masinia mawili ya watu wanne wanne. Mafuta robo lita hivi kwa kilo, na mwenye shughuli akiwa mkarimu anataka zaidi, pilau ing'are. Nyama kilo kwa kilo kwa mwenye uwezo, nusu kwa asiyekuwa nao. Kwa hiyo mleta uzi, kiasi kinajulikana. Kila mtu anakula gramu 125 za mchele mkavu, au pungufu ikiwa kuna kinachobaki. Na huwa kinabaki.

4. Nesi_Mstaafu
Mpishi umenisaidia sana, maana wengi hawapati hesabu hii. Gramu 125 za mchele mkavu zikiiva zinakuwa kama mara tatu ya uzito wake. Ndani yake mna wanga wa gramu 100 hivi, na wanga huo wote unageuka sukari mwilini. Mafuta ya robo lita ukiyagawa kwa watu wanane kila mmoja anapata kama vijiko viwili vya kulia, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9 wakati ya wanga ina 4. Hapo bado hujagusa soda wala keki.

Binti Mpendae, nikusahihishe jambo moja. Kipimo cha miezi mitatu hakisomi Shaaban peke yake. Kinabeba miezi miwili mpaka mitatu iliyopita, na wiki za mwisho ndizo zenye uzito zaidi. Umepima baada ya Sikukuu, basi mwezi mzima wa futari umo ndani yake. Ulikuwa unafuturu nini?

5. BintiMpendae
Nesi, umenigusa penye kidonda. Futari yetu ni tende, uji, ndizi mbivu za nazi, muhogo wa nazi, sambusa, katlesi na mkate wa kumimina. Na majirani wanaleta, nasi tunapeleka. Lakini futari nakula sahani yangu, na huwa nachukua kidogo kidogo. Bado nasimama kwenye sinia.

6. UkhtiChake
Kidogo kidogo ya vitu saba ni kingi kimoja, dada yangu 😊

Mie nasema nyote mnatazama wali na mnayasahau ya kunywa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015, sukari ya kuongeza isizidi sehemu ya kumi ya nguvu ya chakula cha siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ndiyo bora. Hiyo asilimia 5 kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi, vijiko sita vya chai. Soda moja ya mililita 350 ina gramu 35 na zaidi. Umefika shughulini umepewa soda, hujagusa hata tonge, umeshapita. Kisha inakuja juisi ya ukwaju iliyotiwa sukari mpaka inakuwa nzito, kisha chai ya maziwa na keki.

Mie nilijipima kwa mashine ya kidole, ile ya papo hapo, namba zake si za kipimo cha miezi mitatu. Harusi moja ya Machomane nilianza na 7.2, nikala pilau na soda, saa mbili baadaye 15.4. Harusi ya pili nilikula pilau na maji, nyama na kachumbari nikavitanguliza. Nikapata 11. Sinia ni lile lile la watu wanne.

7. Kijana_Jangombe
@UkhtiChake vipimo viwili si ushahidi. Harusi ya pili ulirudi nyumbani kwa miguu au kwa gari?

8. UkhtiChake
Kwa miguu. Kutoka Machomane mpaka kwetu ni karibu.

9. Kijana_Jangombe
Basi hujui kama ni maji, nyama kutangulia au miguu.

10. Nesi_Mstaafu
Kijana kasema kweli, ingawa vyote vitatu vinasaidia. Kutanguliza nyama na mboga kabla ya wali kunapunguza kasi ya sukari kupanda, na kutembea baada ya kula misuli inaitumia sukari ile ile. Ila ukhti, hata 11 bado iko juu. Saa mbili baada ya kula wengi wenye sukari tunawaomba wawe chini ya 10. Si kosa lako, nataka usije ukaridhika nayo tu.

11. MamaTatu_Wete
Salamu kutoka Wete. Mie nnakula sinia na sukari yangu haijanishinda, nikuambie nnavyofanya.

Mtume (s.a.w.) katufundisha mtu ale kilicho mbele yake, asizungushe mkono chombo kizima. Mie nimelishika hilo. Nikikaa tu, kabla sijatia tonge, nnautenga wali wa mbele yangu kwa vidole, sehemu ya viganja viwili. Nyuma ya hapo si kwangu. Nyama nnaanza nayo. Kibakuli cha kachumbari nnaomba kiwe upande wangu. Nikimaliza siinuki, maana ukiinuka mapema wenzako wataona haya kuendelea. Nnachukua ndizi yangu nnaimenya polepole mpaka wote wamalize. Hakuna aliyewahi kuniuliza "mbona huli", kwa sababu mkono wangu una kazi.

12. BintiMpendae
Allah akulipe, hili la kutenga wali nitalijaribu. Lakini huoni kuwa umekubaliana na mie? Umelishinda sinia kwa kuligeuza sahani.

13. MamaTatu_Wete
Sikukubali. Sinia halina kosa, tumeacha adabu yake.

14. Nesi_Mstaafu
Mama, ndizi moja ya wastani nayo ina wanga wa gramu kama 25. Imenye polepole, ila ile nusu.

15. Ami_Kikwajuni
Nyote mmezungumza chakula. Mie nitazungumza maneno ya watu, maana kwangu hilo ndilo lenyewe.

Hitma ya mkubwa wangu mmoja, Mungu amrehemu, nilikaa na wazee wawili na kijana. Nikasema wazi kuwa nna sukari, nitakula kidogo. Mzee wa kwanza akaniambia ninywe maji ya mwarobaini. Wa pili akasema mlonge. Kijana akaniambia ndimu inakata mafuta, niikamulie pilau nile tu. Mpaka tunanawa nilikuwa nimeshaambiwa dawa tano, na nimekula kuliko siku zote kwa sababu kila nilipoacha niliambiwa "kula, utakunywa dawa". Harusi iliyofuata sikusema kitu, nikala kidogo. Wifi yangu akachukulia kuwa nimekidharau chakula chake, tukakaa miezi miwili hatusemi vizuri.

Ukisema unapata madaktari, ukinyamaza unapata lawama. Hebu niambieni mtu anatokaje hapo.

16. Nesi_Mstaafu
Ndimu haikati mafuta, Ami. Mafuta yanabaki pale pale na kalori zake. Inaleta ladha, na hiyo ni faida yake, maana inakupunguzia haja ya chumvi. Chumvi tunaambiwa isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na achari peke yake inaweza kuitafuna sehemu kubwa ya hicho. Wenye presha muiangalie achari kabla ya pilau.

17. Mwalimu_Bububu
Ami, kuitikia mwaliko wa harusi kumesisitizwa sana katika dini yetu. Lakini kula kumeachwa kwa mwalikwa, akitaka ale, asipotaka aache, na aliyefunga awaombee dua wenyeji. Kwa hiyo anayekwenda, akakaa, akaomba dua na akala matonge matano, ametimiza haki ya mwenyeji. Sisi wenyewe ndio tuliogeuza mapenzi yakapimwa kwa wingi wa matonge. Na tumefundishwa thuluthi ya tumbo kwa chakula, thuluthi kwa maji, thuluthi kwa pumzi.

Kwa wifi yako ungekwenda siku ya pili asubuhi umsifie pilau yake. Yangekwisha siku hiyo.

18. Ami_Kikwajuni
Mwalimu, ushauri mzuri. Umechelewa miaka miwili tu.

19. Bi_Fuoni
Mie hufanya hivi: siku ya harusi siinywi dawa ya asubuhi, ili sukari isije ikashuka nikiwa nangoja chakula. Nikishakula ndiyo nakunywa. Imenisaidia.

20. Nesi_Mstaafu
Bi Fuoni, tafadhali, hili naliomba kwa moyo wote. Usibadilishe dawa peke yako.

Dawa hazifanani. Metfomini ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari mpaka ya hatari. Wenye insulini, au vidonge vya aina ya glibenklamidi, ndio wanaoweza kushuka chakula kikichelewa. Mwambie daktari wako "kwetu chakula cha harusi kinatoka saa tisa", akupangie. Na kila mwenye sukari awe na kitu mkobani. Ukiona jasho la baridi, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, jipime. Ikiwa chini ya 3.9, kunywa maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, usingoje sinia, kisha jipime tena baada ya robo saa. Siku hiyo soda ni dawa. Nimeshawahi kuona bibi kaanguka ukumbini, watu wakadhani ni shetani, wakaanza kumfukizia ubani. Alikuwa na njaa na insulini ya asubuhi.

21. Kijana_Jangombe
Ndiyo nikasema njaa tangu posti ya pili!

Mama siku hizi nnampa yai la kuchemsha na kipande cha muhogo saa sita, kisha ndiyo tunaondoka. Akifika anakula kama mtu, haparamii.

22. Mzee_Kengeja
Wanangu, mnashindana sinia na njaa. Mie nimeishi zamani na sasa. Sinia lilikuwepo, njaa ilikuwepo, na haya zilikuwepo kubwa kuliko sasa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchele ulikuwa kwa mgao. Chakula chetu kilikuwa muhogo, ndizi, majimbi, viazi vikuu, na samaki kwa aliyebahatika. Pilau ilikuwa Sikukuu mbili na harusi ya jirani. Ukila pilau Kengeja ulikuwa umetembea kutoka kijiji chengine kuifuata, na kesho yake asubuhi uko juu ya mkarafuu. Sasa wali ni wa kila siku, pilau ya kila wiki, na tunaifuata kwa bodaboda. Pilau ni ile ile, kazi ndiyo imeondoka.

23. UkhtiChake
Mzee, shikamoo. Kwa heshima zako: baba yangu kachuma karafuu mpaka mwaka juzi, hajui gari, anatembea kila pahala, na sukari anayo tangu ana miaka hamsini.

24. Mzee_Kengeja
Marahaba mwanangu. Mungu amponye. Sikusema kila mmoja. Nimesema wengi wetu.

25. Kaka_Selem
Mbona hakuna aliyetaja haluwa? Sisi wanaume kwenye ndoa msikitini hatupewi pilau, tunapewa haluwa na kahawa. Haluwa ya Wete inapikwa kwa sukari guru, si kama hii ya mjini, kwa hiyo si mbaya sana.

26. MamaTatu_Wete
Ahsante kwa kuisifu haluwa ya kwetu, lakini mie nimekaa na wapishi wake. Iwe sukari nyeupe au guru, sufuria ni sukari, wanga na samli, inasukwa kwa mwiko mpaka mikono inakufa, kisha iliki, kungumanga na zafarani kwa mwenye nazo. Guru inabadilisha rangi na ladha. Sukari ni sukari.

27. Mpishi_Kwahani
Guru inaipa harufu ya moshi kidogo, hapo nakubali kuwa haluwa ya Wete inaishinda ya mjini. Lakini ile ya ufuta na lozi...

28. Kaka_Selem
Tumekubaliana kwa mara ya kwanza. Na kahawa chungu?

29. Nesi_Mstaafu
Kahawa chungu isiyo na sukari kunywa. Na haluwa, kipande cha ukubwa wa tende, ushushie na kahawa taratibu. Nimeona watu wengi wanalimaliza hamu kwa kipande hicho, kwa sababu kahawa inakata utamu mdomoni.

30. Bi_Fuoni
Nesi nimekusikia, Jumatatu nakwenda kliniki na nitauliza. Nna swali jengine. Mimi kinachonishinda si ukumbini, ni mfuko. Natoka harusini nimefungashiwa pilau, mapaja mawili ya kuku, keki, boksi la sambusa. Usiku nakula, asubuhi naamka nakula kiporo. Mwanangu ananiambia kiporo kina sukari ndogo kuliko wali wa moto. Ni kweli?

31. Nesi_Mstaafu
Ina ukweli, ila mdogo. Wali ukipoa kwenye friji sehemu ya wanga wake inakuwa ngumu kusagika tumboni, kwa hiyo sukari inapanda kwa utaratibu kidogo. Wanga wenyewe hauondoki. Na angalia hili: pilau ya shughuli imetoka chunguni saa saba, imekaa kwenye sinia, imekaa kwenye mfuko, umefika nayo nyumbani saa mbili usiku. Joto letu hili. Wali uliokaa nje saa nyingi unaota vijidudu vyenye sumu ambayo hata ukiupasha moto haiondoki. Kama huwezi kuutia frijini ndani ya saa mbili tangu kuiva, usiufanye kiporo.

32. Bi_Fuoni
Na mie tumbo liliniuma Ijumaa ile nikasema nimepigwa jicho. Kumbe mfuko.

33. UkhtiChake
Bi Fuoni kaleta jambo kubwa. Tunajizuia ukumbini mbele ya watu, kisha tunakula mara tatu nyumbani ambapo hakuna anayetuona. Siku hizi mfuko naupitisha kwa watoto wa jirani kabla sijafungua mlango wangu.

34. BintiMpendae
Nimesoma posti zote mara mbili. Mwenye njaa kasema njaa, mwenye soda kasema soda, Ami kasema maneno ya watu, Mzee kasema kazi, na sasa mfuko. Nakiri futari niliisahau, na mfuko pia nauchukua, sikuutaja. Lakini nikijitazama, soda nimeiacha mwaka mzima, na nyumbani kwetu Mpendae natembea kila alfajiri. Kilichobaki kwangu bado ni sinia.

Mpishi, nna ombi. Unaweza kupakua masinia machache yenye wali nusu na mboga zaidi, kwa wenye sukari? Tuko wengi sasa. Harusi ya watu mia nne hukosi thelathini.

35. Mpishi_Kwahani
Naweza, shida si chungu. Shida ni nani atakaa kwenye sinia hilo. Ukiliweka kando na kusema "hili la wagonjwa", hakuna atakayelikaribia, hata mwenyewe aliyeomba. Ami kashasema ya watu.

Nnachoweza ni hiki, na sijakijaribu. Masinia yote nipunguze wali robo, pembeni niweke kachumbari na mchicha wa nazi nyepesi, nyama isipungue. Atakayetaka wali zaidi yupo mpakuaji na beseni lake. Hapo hakuna aliyetengwa. Mwenye shughuli lazima akubali, maana lawama ya sinia dogo inakwenda kwake.

36. Mwalimu_Bububu
Na akubali kuandika saa ya kweli kwenye kadi. Kama chakula ni saa tisa, iandikwe saa tisa.

37. Ami_Kikwajuni
Hilo halitawezekana Unguja hii.

38. MamaTatu_Wete
Mchicha wa nazi kwenye sinia la pilau? Mpishi, wali wako utarowa.

39. Mpishi_Kwahani
Kwenye bakuli, mama. Nnajua kazi yangu.

40. BintiMpendae
Nimeongea na dada yangu usiku huu. Kakubali masinia ya wanawake yafanywe hivyo, ya wanaume yabaki kama desturi kwa sababu shemeji kakataa. Mpishi, nakutumia namba yake kwa faragha. Nitakwenda na kipimo mkobani, nitajipima kabla na saa mbili baada, na yai nitakula saa sita kama mama yake Kijana.

41. Kijana_Jangombe
Ukila yai kabla, na wali ukapunguzwa, hutajua ni sinia au ni njaa.

42. BintiMpendae
Basi yai sitakula.

43. Nesi_Mstaafu
Yai utakula.